Kikapu cha Ghorofa ya Nne

Kila jioni Fundi alifunika cherehani yake, akaenda kumsalimia mama yake. Lakini hakumsalimia kwa mkono. Alimsalimia kwa kupiga kelele.

Mama yake alikaa ghorofa ya nne, pamoja na dada yake Fundi. Jengo halikuwa na lifti. Fundi alisimama uani, katikati ya nguo zilizoanikwa, akainua uso na kuita.

"Mama! Shikamoo!"

Kichwa cheupe kikatokeza kwenye roshani. "Marahaba, mwanangu! Leo unapanda?"

"Leo nina kazi nyingi, mama. Kesho!"

Basi kikapu kikashuka kwa kamba. Fundi akatia mkate, matunda na dawa za macho za mama. Kikapu kikapanda. Wapangaji walishakizoea. Kikipita dirishani kwao, walisogeza nguo zao ili kisizichafue.

Kesho hiyo ya Fundi ilikuwa na miezi mingi sasa.

Ukweli ni kwamba Fundi alikuwa anaogopa ngazi. Mara ya mwisho kuzipanda, pumzi ilimwishia ghorofa ya pili. Moyo ulimdunda hadi akausikia masikioni. Aliona aibu kukaa chini, kwa hiyo akainama na kujifanya anafunga kamba za viatu. Bahati mbaya, siku hiyo alikuwa amevaa kandambili.

Mpangaji mmoja, mama wa makamo, akatoka mlangoni kwake. "Kaka, unatafuta nini?"

"Kifungo," Fundi akasema. "Kimeniponyoka kifungo."

Mama wa watu akapiga magoti kumsaidia. Wakatafuta kifungo ambacho hakijapotea, hadi pumzi ya Fundi ikarudi. Kisha akashuka. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Kesho yake ndipo alipompa dada yake kikapu na kamba.

Jioni moja, mama yake hakushusha kikapu upesi. Aliegemea roshani, akasema kwa sauti iliyosikika ua mzima, "Mwanangu, kama nilikukosea, niambie. Mimi nimeshakuwa mzee. Sitaki kufa sijui kosa langu."

Watu waliokuwa wakianua nguo wakasimama nazo mikononi. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hujanikosea, mama. Ni kazi tu," akajibu.

Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani maneno yale yalimchoma. Mama yake alikuwa anajilaumu bure. Na yeye mwenyewe alikuwa anaogopa jambo moja tu: kwamba mama atafariki kabla hajaweza kufika kwake.

Asubuhi jirani yake, muuguzi wa zahanati ya mtaa, alikuja kupunguziwa gauni la kazi. Alimkuta Fundi akiitanua suruali yake mwenyewe kiunoni. Ilikuwa mara ya pili kuitanua suruali hiyo hiyo.

"Vitambaa vya siku hizi vinanywea sana," Fundi akasema.

Muuguzi akacheka. "Fundi, kitambaa hakina hatia. Wewe unatembea lini?"

"Natembea kila siku! Si natoka nyumbani nakuja kazini?"

"Nyumbani kwako na kazini kwako kuna pazia tu katikati."

Fundi akacheka pia. Kisha kicheko kikamwishia, akaweka sindano chini. Hakujua kwa nini, lakini alimweleza yule dada mambo yote: ngazi, kifungo, kikapu, na maneno ya mama yake. Muuguzi alisikiliza bila kumkatiza.

"Pole, kaka yangu. Ila kuishiwa pumzi si jambo la kufichwa. Huenda ni kukaa sana. Huenda ni moyo. Tusibahatishe. Twende ukapimwe."

Wakaenda zahanati. Daktari alimpima kwa makini, na baada ya vipimo akasema moyo wake ni mzima, lakini presha iko juu. Alimpa dawa, akamwambia asiziache hata akijisikia vizuri. Kisha akamwambia atembee. Aanze kidogo, aongeze taratibu, hadi afikie walau nusu saa kwa siku, siku nyingi za wiki.

"Dada, nikitembea mtaani bila safari, watu si watanicheka?" Fundi akauliza njiani.

"Basi usitembee peke yako," muuguzi akamjibu. "Unafikiri ni wewe tu unayekaa kutwa? Mtazame Mama Sabuni pale kibandani kwake, magoti yanamlia. Watazame madereva. Waite, tuanze kikundi. Mimi nitakuwa nanyi."

Wazo hilo lilimwingia Fundi kichwani, na lilipoingia halikutoka. Lakini fundi ni fundi. Badala ya kuanza na miguu, alianza na mkasi. Alishona sare. Suruali za bluu zenye mstari mweupe, na fulana za bluu zenye kola. Kila aliyetaka kujiunga alipimwa kwanza mabega na kiuno. Fundi alishona kwa furaha ambayo mkewe hakuwahi kuiona.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "watu wa kutembea wanahitaji kola ya nini?"

"Mke wangu, kizuri chajiuza."

Siku ya kwanza ilipendeza kweli. Watu walijaa mbele ya bomba la maji, wote bluu tupu. Picha zikapigwa. Mbele alisimama mlinzi mstaafu, mtu mrefu, mkakamavu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kamanda.

"Kikundi! Mbele, tembea!" Kamanda akaamuru, na miguu yake mirefu ikachanja mbuga.

Walipofika kona ya kwanza, kikundi kilishakatika vipande. Mama Sabuni aliketi juu ya jiwe, akishika goti. Fundi mwenyewe alisimama huku mbavu zinamchoma. Alitaka kuinama afunge viatu, akajizuia. Mbele kabisa, fulana moja ya bluu ilikuwa inaishia upeoni. Alikuwa Kamanda, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Safari ya pili walikuja nusu. Ya tatu walikuja Fundi, muuguzi na Kamanda.

"Watu wa hapa ni wavivu," Kamanda akasema.

"Labda," muuguzi akasema. "Lakini tusiwahukumu hatujawauliza. Fundi, hebu pita kwao. Uliza, halafu usikilize tu. Usijitetee."

Fundi akaanza na Mama Sabuni. Alimkuta kibandani, amezungukwa na ndoo na miche ya sabuni.

"Shemeji, mbona hukuja?"

"Niseme kweli?"

"Sema."

"Ile nguo ni nzuri mno. Nimeikunja, nimeiweka sandukuni. Nitaitia jasho na vumbi vipi? Halafu nikija na dera langu nitaonekana nimewaharibia." Akasita kidogo. "Na lile jiwe, shemeji. Mliniacha pale kama mzigo uliodondoka garini. Nilirudi nyumbani peke yangu. Niliumia roho kuliko goti."

Fundi alitaka kusema kwamba hata yeye aliachwa, lakini alikumbuka ameambiwa asijitetee.

Dereva mmoja akamwambia kwamba aliona sare, akadhani ni chama cha watu maalumu. Mama mmoja mgeni mtaani akasema alisubiri kupimwa na hakuna aliyempima. Wote hao walikuwa wanataka kutembea. Aliyewafungia mlango alikuwa yeye, kwa nyuzi na kola.

Jioni hiyo Fundi alikaa mbele ya cherehani bila kushona. Alihuzunika, na hakuwa na mtu wa kumlaumu. Muuguzi alipopita, alimkuta ameinama.

"Nimeharibu, dada."

"Umeshona vizuri, ila umeanzia pindo kabla ya kukata kitambaa. Tufumue, tuanze upya."

Wakaketi, wakapanga. Kwanza, sare zikae kando. Kila mtu aje na nguo yoyote pana inayomruhusu kupumua, na viatu visivyobana wala kuteleza. Pili, wapite njia ya nyuma ya shule, ambako magari ni machache na kuna kivuli. Mvua ikinyesha, watazunguka ndani ya soko kabla wachuuzi hawajapanga bidhaa. Tatu, watembee asubuhi mapema, kabla ya kazi na kabla ya jua kali, na kila mmoja abebe maji yake.

"Na kasi?" Fundi akauliza. "Tutajuaje kama inatosha?"

"Mdomo wako utakuambia. Ukitembea huku unaweza kuimba, bado unatembea kama mtu anayesindikiza mgeni. Ongeza kidogo. Ukishindwa hata kuzungumza, umepitiliza. Punguza. Kasi nzuri ni ile ya kuzungumza lakini si ya kuimba. Na mtu akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame hapo hapo, tumpeleke zahanati. Hakuna ushujaa katika hilo."

"Lakini huyu kasi yake si ya yule. Tutakatika tena."

Muuguzi akafikiri. "Tunapotembea na watoto wadogo, nani anakaa mbele?"

"Watoto," Fundi akasema. Kisha akatabasamu. "Nimekuelewa. Mwenye mwendo wa pole atangulie. Sisi wengine tumfuate."

"Na mwenye haraka zake azunguke uwanja wa shule mara nyingine tukishafika."

Fundi akawapitia wote tena, akamwomba radhi Mama Sabuni. Ikabaki kumwambia Kamanda. Fundi aliogopa kidogo, lakini alijua kila mtu ana pindo lake la kushikia.

"Kamanda," akamwambia, "msafara wetu hauna ulinzi wa nyuma. Mtu anaweza kubaki njiani tusijue. Kazi hiyo inataka mtu mzoefu."

Kamanda akanyoosha mgongo. "Hilo niachie mimi. Nyuma yangu habaki mtu."

Asubuhi iliyofuata Mama Sabuni alitangulia, na dera lake, akilalamika kwamba watu wanamtazama mgongo. Nyuma yake walifuata Fundi na mkewe, madereva, yule mama mgeni, na wengine. Walifika mwisho wa ukuta wa shule tu, wakarudi. Ilikuwa njia fupi. Lakini walirudi wote.

Siku zikaenda. Njia ikaongezeka kidogo kidogo, haba na haba. Mazungumzo yakawa mengi kuliko hatua. Humo njiani watu walijua nani anauguliwa, nani amepata mtoto, nani anatafuta fundi bomba. Asiyeonekana alifuatwa kwake, si kwa kugombezwa, bali kwa kujuliwa hali. Mama Sabuni aliacha kulalamika juu ya goti, akaanza kulalamika kwamba Fundi anamkanyaga visigino. Kule zahanati, vipimo vilionyesha presha ya Fundi imeanza kushuka. Daktari alifurahi, lakini akasisitiza, "Dawa unaendelea nazo." Suruali ilibidi kupunguzwa. Fundi aliipunguza mwenyewe, na safari hii hakulaumu kitambaa.

Kila jioni bado alisimama uani na kuita, "Mama! Shikamoo!" na kikapu kikashuka. Alitaka sana kupanda. Aliogopa pia. Muuguzi alimwambia, "Panda taratibu, pumzika kila ghorofa, na usimfiche mtu kwamba unapumzika."

Jioni moja Fundi hakuita. Alipita kimya kati ya nguo zilizoanikwa, akashika ukuta wa ngazi, akapanda. Ghorofa ya kwanza akapumzika. Ya pili akaketi kwenye ngazi, waziwazi, mikono magotini. Yule mpangaji akafungua mlango.

"Kaka! Kile kifungo ulikipata?"

Fundi akacheka. "Hakikupotea kifungo, dada. Ilipotea pumzi. Niliona haya kukwambia."

"Na leo?"

"Leo ipo."

Alipofika ghorofa ya nne, moyo ulikuwa unadunda, lakini hakuusikia masikioni. Dada yake akafungua mlango, akaziba mdomo kwa mshangao. Fundi akamwashiria anyamaze.

Mama yao alikuwa kwenye roshani, amewapa mgongo. Ameshika kamba, anashusha kikapu polepole, macho chini uani.

"Mtoto huyu leo amechelewa," alikuwa akijisemea. "Ndio kanichoka kabisa."

"Mama," Fundi akasema, "unamshushia nani?"

Mama yake akageuka. Kamba ikamponyoka, na kikapu kikaanguka hadi chini. Hakukijali. Alinyoosha mikono, akamshika mwanawe uso, mashavu, masikio, kama mtu anayekagua nguo iliyorudi kwa dobi.

"Kazi zimeisha?"

"Hazikuwa kazi, mama. Nilishindwa kupanda. Niliona aibu, nikakudanganya. Nisamehe."

Machozi yalimtoka mama yake. "Na mimi kila siku nilikaa hapa nikitafuta kosa langu. Ungesema tu unaumwa, ningekuombea dua badala ya kujilaumu." Akampiga kofi dogo begani. "Nimekusamehe. Haya, kikapu kimeanguka. Nani atakifuata?"

"Mimi."

"Twende wote. Tangu mvua za masika sijatoka mlango huu."

"Leo tufike mlangoni tu, mama, kikapu nitakichukua nikishuka. Kesho tutaongeza kidogo."

Fundi alimshika mkono, akataka kumtangulia amwongoze. Kisha akakumbuka, akarudi nyuma ya mama yake.

"Mbona humwongozi?" dada yake akauliza.

"Kikundini kwetu, mwenye mwendo wa pole ndiye anayetangulia."

Mama akashika ukuta, akapiga hatua ya kwanza, kisha ya pili.

"Basi tulia huko nyuma," akasema. "Usinikanyage."