Utando Usiofutika

Maiti ya Valerian ilikuwa na siku moja mochwari Dk. Eliamini alipompigia simu Inspekta Mektrida wa polisi Moshi.

"Njoo uone kinywa cha huyu mtu."

Inspekta alikwenda. Daktari alifungua taya, akamulika tochi. Ulimi ulikuwa umevimba na kufunikwa na utando wa kijivu. Midomo ilikuwa imechanika.

"Zahanati waliandika fangasi wa kinywa," alisema daktari. "Fangasi huacha utando mweupe, kama maziwa yaliyoganda. Ukiufuta, unatoka."

Alifuta kwa pamba. Utando haukutoka.

"Hii ni tishu iliyokufa. Chini yake ni vidonda, kuanzia midomoni mpaka kooni. Mtu huyu ameungua."

"Ameungua na nini?"

"Dawa ya kuulia magugu. Mapafu nayo yamekakamaa. Alikufa taratibu, akili zake timamu."

Mektrida alisonya. Mwaka ule, 1994, kijiji kizima cha Uru, alikoishi Valerian, kilishamwandikia cheti chake cha kifo: kijana kakonda, mdomo una utando, basi ni UKIMWI. Kupima kwa nini, wakati maneno ni bure? Ukoo ulikuwa umempa mjane, Dominika, hadi Jumapili awe ameondoka kwenye kihamba, lile shamba la migomba na kahawa aliloachiwa mumewe.

Alimkuta Dominika akifunga nguo kwenye khanga.

"Aliugua lini, mama?"

"Siku ya pili baada ya upatanisho, afande. Aligombana na kaka yake Wenseslaus kuhusu kihamba. Wazee wakawakalisha chini. Wenseslaus akaleta mbege, pombe yetu ya ndizi."

"Nani mwingine alikunywa?"

"Kata ya pombe ya upatanisho ni ya wawili tu. Anayeileta anaonja kwanza, mwenzake anaimaliza. Wenseslaus alionja, wote tuliona. Hata mate alitema kwenye mgomba, akasema ugomvi umetoka."

"Neno UKIMWI ulilisikia kwanza kwa nani?"

Dominika alifikiri. "Kwa shemeji. Kwa Wenseslaus."

Mektrida, naye Mchagga, aliijua desturi ile ya kuonja. Iliwekwa ili mtu asimnyweshe nduguye sumu. Hakuwahi kusikia kwamba anayeonja hutema mate.

Mektrida na daktari walimkuta Wenseslaus jikoni kwake. Sahani ya kiburu, ndizi na maharage, ilikuwa imesukumwa pembeni. Alikuwa akinywa uji uliopoa, akiinamisha kichwa upande mmoja.

"Kiburu hukitaki?"

"Jino, afande."

"Fungua mdomo daktari akuangalie."

"Mimi nilikunywa kabla yake! Waulize wazee!"

"Nimewauliza. Fungua."

Daktari alikunja mdomo wa chini kwa kidole. Ufizi wa mbele ulikuwa na kidonda kipana, utando wa kijivu katikati, kingo nyekundu. Alikifuta. Wenseslaus aliguna kwa maumivu. Utando ulibaki palepale.

"Jino halina neno," alisema daktari. "Hiki ni kidonda kilekile."

"Hukukunywa," alisema Mektrida. "Uliishika mdomoni, ukaitema kwenye mgomba."

Wenseslaus akaweka kikombe chini.

"Mzaliwa wa kwanza alipewa shamba. Wa mwisho, Valerian, akapewa nyumba ya baba na kihamba. Mimi wa katikati nilipewa nini? Nilizika wazazi wote wawili kwa mikono hii. Niliweka dawa kwenye mbege, ndiyo. Zahanati waliposema fangasi, nikamalizia mwenyewe kwa kusema ni UKIMWI. Nilijua mkewe hatakaa."

Alifungwa pingu mbele ya wazee walewale.

Mektrida alirudi kwa Dominika. Alimweleza yote: mumewe hakuwa na ugonjwa ule, na hakuna wa kumtoa kihambani. Alitegemea ashukuru, angalau apumue.

Dominika alikaa juu ya furushi lake.

"Siku tisa alikuwa akiomba maji," alisema. "Akiomba nimshike kichwa anywe. Mimi kikombe nilikuwa nakiweka mlangoni, nakisukuma kwa fimbo ya ng'ombe. Aliniambia, 'Mama Stella, mimi sina ugonjwa huo.' Afande, sikumgusa."