Helmeti Iliyokombwa Ndani

Kila alfajiri Mzee Spana alimfungia binti yake sanduku la dawa nyuma ya pikipiki. Binti huyo alikuwa kitindamimba wake, na watu wote walimwita Kitinda. Kazi yake ilikuwa kupeleka dawa kutoka zahanati hadi kambi za machimbo ya chumvi, mwendo wa saa tatu jangwani, kokoto na mchanga mtupu. Mama yake alikwisha kufariki. Nyumba ile ilishatoa jeneza moja, na mzee hakutaka kuona la pili.

Pikipiki ilitoka ofisi ya afya. Mkuu wa ofisi aliikabidhi mbele ya kamera, pamoja na helmeti nyeusi. Akapigiwa makofi, akarudi kwenye kiyoyozi chake. Namna ya kujikinga na jua lile hakuisema. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kiyoyozi ndiye kabisa.

Kitinda alilalamika kwamba helmeti inampika kichwa. Baba yake alikuwa fundi pikipiki kwa miaka thelathini, na fundi haamini kitu mpaka akifungue. Alichukua kisu, akakomba lile povu gumu jeupe la ndani mpaka likabaki ganda. Askari wa kizuizi cha barabarani walitaka kuona kitu kichwani, basi. Kisha akamshauri binti avae fulana ya mikono mifupi na kandambili, apate upepo. Kitinda alishukuru. Mzee akajiona ameishinda ofisi.

Mwezi wa joto kali ulipoingia, Kitinda alirudi siku moja ameulalia usukani. Ngozi yake ilikuwa kavu, ya moto, bila tone la jasho. Alimtazama baba yake, aliyekuwa akimngoja zahanati, akamwita mama, kisha akaanguka mlangoni.

Nesi alimlaza kivulini, akamfunika shuka lililoloweshwa maji, akampepea bila kupumzika. Mikono ya binti ilikuwa imejaa malengelenge. Alipoanza kujua alipo, nesi aliiokota helmeti ili aiweke kando. Akaiona nyepesi. Akaigeuza.

"Nani amefanya hivi?"

Mzee alitazama sakafu. "Mimi. Nilikuwa nampa hewa."

Nesi hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

"Baba, hili povu ndilo helmeti yenyewe," alisema. "Akianguka, povu linabonyea, linameza kishindo kabla hakijafika kwenye ubongo. Wewe umemvalisha sufuria."

"Na joto je?"

"Joto la huku halikimbiwi kwa kuvua nguo. Saa sita upepo una moto kuliko mwili wa mtu. Ukipiga ngozi iliyo wazi haupozi, unakausha, kama nguo kwenye kamba. Jasho linaondoka kabla halijafanya kazi yake."

Mzee alibisha, maana hakuzoea kukubali jambo bila ubishi. Jaketi kwenye jua hili, si kumchemsha mtoto? Nesi akamuuliza kwa nini yeye mwenyewe huizungushia chupa yake ya maji kitambaa kilicholowa. Hilo mzee alilijua tangu utoto: kitambaa kikikauka taratibu, maji ya ndani hupoa.

Basi nesi akamweleza taratibu. Ndani, shati la pamba lililoloweshwa maji. Juu yake, jaketi la rangi nyeupe au kijivu, la kitambaa kigumu chenye vitundu, lenye pedi mabegani, viwikoni na mgongoni. Suruali nzito yenye pedi za magoti, buti zinazofunika vifundo vya miguu, glavu. Maji anywe kidogo kidogo kabla hajasikia kiu. Na helmeti isiwe ya mtumba, kwa sababu iliyokwisha kuanguka haionyeshi kidonda chake.

Mzee alikwenda sokoni. Muuzaji alimwonyesha jaketi jeusi la ngozi, linang'aa.

"Mzee, ukivaa hili utaoa tena."

"Nikivaa hilo jangwani nitazikwa nalo," alijibu mzee.

Alichukua la kijivu. Akaliweka mdomoni akapuliza, pumzi ikatokea upande wa pili. Akabonyeza pedi, akavuta mishono. Hapo ufundi wake ulimfaa.

Ikabaki helmeti. Ofisini mkuu alisema walishapewa, na saini ipo. Mzee aliliweka lile ganda mezani. Njia nzima alikuwa ameandaa matusi, lakini yalimkauka.

"Kisu kilikuwa changu, bwana mkubwa. Hilo nitakufa nalo. Lakini ninyi mlimpa mtoto pikipiki, hamkumpa neno. Mimi najua kufungua vitu, ninyi mnajua kusoma hotuba. Sote tulikuwa tunamchimbia kaburi."

Mkuu akamwambia mzee aandike barua ya maombi. Helmeti mpya ilifika baada ya barua tatu, maana ofisi ni ofisi. Ilikuwa nyeupe, yenye matundu ya hewa, inafunika mpaka kidevu. Mpaka siku hiyo Kitinda hakupanda pikipiki, na dawa zilikwenda na lori la chumvi. Mzee alimvalisha mwenyewe, akakaza mkanda, akaitikisa. Haikucheza.

Miezi miwili baadaye, gurudumu la mbele lilizama mchangani. Kitinda akarushwa kwenye kokoto. Kiwiko cha jaketi kilichanika mpaka kwenye pedi, glavu zikalika, helmeti ikapasuka ubavuni. Akainuka, akainyanyua pikipiki, akafikisha dawa polepole.

Nesi aliitazama helmeti ile akasema imemaliza kazi, asiivae mtu tena, na mara hii ofisi iandike barua yenyewe.

Kitinda aliingia nyumbani akichechemea. Mzee alimshika kichwa kwa mikono miwili, akapapasa kila upande, kama anayetafuta ufa. Hakuupata.

"Baba, nina njaa," binti alisema.

Alimpakulia, akakaa mbele yake. Yeye hakula. Alimtazama akitafuna mpaka sahani ikawa tupu, kisha akasimama akampakulia tena.