Gunia Lililorudi kwa Thuranira

Thuranira alikuwa mkulima wa viazi wa Kibirichia, tena mkulima hodari. Viazi vyake vilisifiwa mpaka Meru mjini. Lakini kumenya hata kiazi kimoja? Hakuwahi. Jiko lilikuwa la mke wake, Kaari. Yeye alijua njia ya kwenda mezani tu.

Halafu Kaari akafa.

Tangu mazishi, mzee huyu alibadilika. Asubuhi alikoroga chai, akaisahau mpaka ikapoa. Mchana alikula mkate mkavu akiwa amesimama. Vibarua walivuna viazi vyake na kuvichagua, naye hakutoka hata kuwachungulia. Inaumiza kumwona mtu mwenye nguvu zake akiisha kidogo kidogo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Binti yake, Mwendwa, alifanya kazi Meru mjini. Kila Jumamosi alikuja kumpikia. Jumamosi moja alifunua sufuria, akakuta mukimo ya wiki iliyopita, viazi vilivyopondwa na mahindi, bado imo.

"Baba, hukukula?"

"Nilikula kidogo."

"Kidogo gani, na mukimo imeota ukungu?" Mwendwa akaketi. "Baba, mimi silali nikikufikiria. Tukivuna tena mwezi wa saba na bado uko hivi, nakuchukua tukaishi town. Hiyo shamba tukodishe."

"Mimi? Niende town niangalie ukuta?"

"Na hapa unaangalia nini?"

Thuranira alizaliwa kwenye ardhi ile. Kaari alizikwa pale pale, karibu na ua. Kwake yeye, kuhama ilikuwa kumwacha Kaari peke yake. Lakini angebaki vipi, na hata kujipikia uji hawezi?

Jirani yake aliitwa Celina. Zamani alikuwa mpishi wa shule. Alipostaafu, alianza kujitolea katika Nyumba ya Wazee inayosimamiwa na kanisa, juu ya kilima. Huko wanaishi wazee wasio na jamaa wa kuwatunza. Kila Jumatano na Ijumaa Celina huwapikia, bila malipo. Magoti yanamuuma na kile kilima ni kikali, lakini njia nzima anaimba. Mimi mama huyu namvulia kofia.

Siku moja Celina alipiga hodi kwa Thuranira.

"Baba Mwendwa, stoo ya wazee imebaki tupu. Nimeona mmemaliza kuchagua waru. Tutapata kitu?"

"Mtapata gunia zima," Thuranira akasema.

Alitimiza ahadi. Lakini alijaza nini? Huko Kibirichia, waru, yaani viazi, huchaguliwa baada ya kuvunwa. Vikubwa huuzwa. Vya kati huliwa nyumbani. Vidogo, pamoja na vile vilivyopigwa na jua vikawa kijani, hutupwa pembeni. Basi Thuranira alijaza vile vya pembeni. Akafunga mdomo wa gunia, akajiona mtu wa maana sana.

Kesho yake gunia lilirudi juu ya mkokoteni wa punda. Celina alikuwa nyuma yake.

"Imekuwaje? Hawataki?" Thuranira aliuliza.

"Wanataka sana. Lakini hizi siwezi kuwapikia." Celina akatoa kiazi kimoja. "Ona hii rangi. Waru ikikaa kwa jua inakuwa kijani, na ndani inaingia sumu. Ukikula tumbo inauma, unatapika. Mzee asiye na nguvu anaweza kulazwa hospitali."

"Si unachemsha sana?"

"Hata uchemshe mpaka kesho, hiyo sumu haitoki. Wewe ungekula?"

"Mimi? Hapana."

"Na Kaari angekuwekea hizi kwa meza?"

Thuranira alikipokea kile kiazi, akakigeuzageuza.

Celina hakuwa na hasira. Alisema kwa upole, "Jana gunia lilipofika, Mzee Mbae aliuliza limetoka kwa nani. Yeye haoni. Nikamwambia ni la Thuranira. Akashika fimbo, akasimama, akakuombea. Aliomba Mungu akufariji kwa ajili ya Kaari. Wote wakasema amina. Ndiyo sasa tukafungua."

Thuranira aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alikaa juu ya lile gunia, akafunika uso kwa mikono.

"Sikujua, Celina."

"Najua hukujua. Wengi wanafikiri kusaidia ni kutoa kile kimekushinda. Kwanza uliza watu wanahitaji nini. Halafu toa kitu wewe mwenyewe ungekula, ama ungevaa. Na kama huna kitu, toa mikono. Pale tuko wapishi wawili tu."

"Mikono yangu haijui jiko."

"Itajua. Kuja Jumatano."

Jumatano Thuranira alifika na gunia la viazi vizuri. Celina akampa kisu na karai. Masikini! Kiazi kikubwa kama ngumi kiliingia mikononi mwake, kikatoka kama yai la njiwa. Akina nyanya waliokuwa wakiota jua walicheka mpaka machozi. Mzee Mbae aliokota ganda, akalipapasa.

"Thuranira, hapa unamenya ama unachonga kinyago?"

Thuranira naye akacheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi. Chakula kilipoiva, alikula nao, akaongeza sahani ya pili.

Baada ya kula aliona kishamba nyuma ya jiko. Kilikuwa kimejaa magugu.

"Hii inalimwa na nani?"

"Hakuna," Celina akajibu. "Hatuna mbegu."

Thuranira akasimama wima. "Mbegu iko! Ile gunia yangu."

"Ile ya sumu?"

"Ni sumu ukikula. Lakini waru ndogo ambayo haina ugonjwa, ikishakuwa kijani na kuota macho, hiyo ni mbegu. Hata sisi mbegu tunaweka mahali pako na mwanga kidogo. Ya kula ndiyo inakaa gizani."

"Anasema kweli," Mzee Mbae akasema. "Hata mimi nililima waru, kabla macho hayajaniacha."

Basi mvua zilipoanza, gunia lile lilirudi tena kilimani. Thuranira aliwaita wakulima wenzake, nao wakaja na majembe. Walipanda viazi vyenye afya tu. Vilivyooza walivitupa. Mimea ilipokua, waliipandishia udongo ili jua lisifikie viazi. Mzee Mbae alikaa pembeni juu ya kigoda akiuliza, "Mmefunika vizuri? Mmefunika kweli?" Mtu angedhani shamba ni lake.

Thuranira alianza kuamka mapema bila kuamshwa. Alijifunza kupika uji, na ulipoungua alipika mwingine. Siku moja, wakipalilia, alimwambia Celina, "Siku hizi nalala vizuri. Sijui ni nini."

"Mimi najua. Ukikaa peke yako, huzuni inakukalia juu. Lakini ukijua Jumatano kuna watu wanakungoja, hata mwili unapata sababu ya kuamka. Mimi nilipostaafu nilikuwa naumwa kila mahali. Kujitolea kumenisaidia. Si dawa ya kila kitu, mtu akizidiwa aende amwone daktari. Lakini inasaidia."

"Bado namkumbuka Kaari."

"Utamkumbuka. Lakini sasa unamkumbuka ukiwa umeshiba."

Mwezi wa saba walivuna, na stoo ya wazee ikajaa. Pesa zilizokuwa za kununua viazi zilinunua mablanketi, na wanaoijua baridi ya Kibirichia wanaelewa hilo ni jambo kubwa. Majirani nao walibadilika. Siku hizi kabla ya kuleta kitu, wanauliza kwanza nini kinahitajika. Wale walioshika jembe pamoja wanajuliana hali, na mmoja akiugua, wengine wanamlimia. Kijiji kizuri hujengwa na watu wa namna hii.

Tangu kabla ya mvua, kazi ilikuwa imemzuia Mwendwa kuja. Ijumaa moja aliomba ruhusa, akafika nyumbani na begi kubwa tupu. Alikuta mlango umefungwa. Aliita, kimya. Jirani mmoja akamwelekeza kilimani.

Alimkuta baba yake jikoni mwa wazee, amevaa aproni. Ganda la kiazi lilikuwa likishuka kutoka kwenye kisu chake, refu na jembamba.

"Baba?"

"Umekuja, mama. Hiyo begi ni ya nini?"

"Nilikuja kukuchukua. Si mwezi wa saba ndio huu."

"Umpeleke wapi?" Mzee Mbae aliuliza kwa ukali kutoka mlangoni. "Na Jumatano nani atatumenyea waru?"

Mwendwa alimtazama baba yake vizuri. Mashavu yalikuwa yamejaa. Macho yalikuwa yale ya zamani. Machozi yakamtoka.

Thuranira alichukua kisu cha pili, akakipangusa kwenye aproni, akampa.

"Wacha kulia. Begi weka chini, uikalie. Na umenye nyembamba, hapa hatuchongi."

Mwendwa alikalia begi lake, akavuta karai karibu, akaanza kumenya.