Kondoo wa Saad

Marehemu alikuwa amesimama zizini, anatia sufu rangi.

Hasna alimwona Jumanne, saa tatu asubuhi, alipowasha kompyuta ya kibanda chao cha gemu pale Ujiji. Kaka yake Saad alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Lakini kwenye kioo, ndani ya ile dunia ya kuchezea waliyoijenga wawili, mtu wa Saad alikuwa akitembea kati ya kondoo, jina lake likielea juu ya kichwa kama siku zote. Alichukua tofali la sufu nyeusi, akalipachika kwenye ukuta wa nyumba ambayo Saad aliijenga kwa sufu ya buluu tupu. Akapachika jingine.

Hasna aliandika: "Wewe nani?"

Yule mtu akageuka, akamtazama, asijibu. Kisha akatoweka.

Hasna alifunga kibanda, akaenda kituo cha polisi huku amevaa ndala zisizofanana.

Sajini Marcelina alimkumbuka. Ni yeye aliyeshughulikia kifo cha Saad. Maiti ilikutwa kwenye mawe ya ufukweni, mbele kidogo ya Kibirizi wanakopakilia boti za Kagunga, kijiji cha mpakani kaskazini. Ilikuwa na jeraha kisogoni. Watu walisema kijana aliteleza, na Marcelina aliandika hivyo, kwa kuwa hakuna aliyesema lingine. Simu ya marehemu haikuonekana. Alidhani imechukuliwa na ziwa.

"Mara ya mwisho alikuambiaje?" aliuliza.

"Alinitumia ujumbe jioni ile kutoka Kibirizi. Ametoka Kagunga kumtengenezea mtu kompyuta. Akasema, 'Nikifika nyumbani nina maneno nawe.' Hakufika."

"Na huyo mtu wa kwenye gemu, nani anaweza kumwendesha?"

"Anayeishika simu ya Saad, maana humo gemu liko wazi wakati wote. Au anayejua neno la siri, naye ni Bariki, rafiki yake. Ndiye aliyemfungulia akaunti."

Marcelina alikuwa ameshaomba taarifa za simu ile kwa kampuni ya mtandao, na majibu hayakuwa yamekuja. Alimwambia Hasna asimweleze mtu yeyote alichokiona, hata wa nyumbani. Kisha akamwita Bariki.

Bariki alifika Alhamisi asubuhi, akaketi kwenye benchi la kibandani. Macho yake hayakutulia. Wiki ile Saad alipokufa walikuwa wamegombana mbele za watu.

"Mligombea nini?" aliuliza Marcelina.

"Kondoo, afande."

"Nieleze vizuri."

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Ukitaka sufu nyingi ya rangi, hutii rangi sufu. Unamtia kondoo mwenyewe. Ukimpaka nyekundu mara moja, kila ukimnyoa inaota nyekundu tena, maisha yake yote. Saad akaanza kuwaambia watu kavumbua yeye. Nikakasirika. Ndiyo hivyo tu."

"Jioni aliyokufa ulikuwa wapi?"

"Mwandiga kwa bibi."

"Nani alikuona?"

"Bibi. Macho yake hayaoni vizuri, lakini alinisikia."

Marcelina alikuwa akitafakari jibu hilo Hasna alipomgusa bega. Kwenye kioo, jina la Saad lilikuwa limejitokeza. Yule mtu alitoka polepole nyuma ya zizi, akasimama, akawatazama wote watatu. Upepo wa ziwani ulitikisa bati la kibanda. Bariki alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta, mikono yake miwili mitupu mbele ya kifua.

"Sio mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Mniangalie. Sio mimi."

Hakuwa na simu mkononi, wala hakugusa kitu. Na mbele yao marehemu alikuwa akifanya kazi. Alichovya tofali moja la sufu nyeupe kwenye wino wa ngisi, likawa jeusi, akaliweka chini. Akachovya la pili. Juu ya nyasi palikuwa pameanza kutokea michirizi myeusi na myeupe, imepishana kama ukili wa mkeka.

Bariki alitazama, hofu ikaanza kumtoka, akakunja uso.

"Huyu hajui gemu," alisema. "Anapoteza rangi bure. Kondoo wako pale pale, yeye anachovya tofali mojamoja. Saad asingefanya hivi, wala mtu yeyote tuliyecheza naye."

Marcelina alimruhusu aende. Alipobaki na Hasna, alisema, "Kama si Bariki, basi ni simu. Na ziwa halichezi gemu, mdogo wangu. Simu iko kwenye mikono ya mtu. Kaka yako alikuwa nayo jioni ile, akakuandikia. Aliyeitoa kwake alikuwepo alipokufa, au anamjua aliyekuwepo."

Hasna alisogea karibu na kioo. Kisha akasema jambo ambalo hakulipa uzito.

"Kuna rangi ya kijani pale kwenye mkeka. Juzi haikuwepo. Kijani ni ngumu, mpaka uchome dungusi kakati kwenye tanuru. Huyu kaijuaje, kama hajui kupaka kondoo?"

"Nani amekuuliza habari za kijani siku hizi?"

Hasna alianza kujibu, akaishia njiani. Aliangalia mlango.

"Mwinshehe," alisema. "Jumatatu. Nikafurahi. Nikadhani anataka kuniliwaza kwa kuongea mambo aliyoyapenda kaka."

Mwinshehe alikuwa mchumba wake, mfanyabiashara wa dagaa aliyepanda boti kwenda kaskazini kila wiki. Posa ilishapokelewa. Harusi ilisogezwa mbele kwa ajili ya msiba, na jioni nyingi alikuja kibandani na samaki aina ya migebuka kwa mama mkwe mtarajiwa. Alibeba jeneza la Saad kwa bega lake.

"Kuuliza rangi si kosa," alisema Marcelina. "Inaweza kuwa bahati tu. Akija tena, je, kuna rangi atakayoitafuta?"

"Zambarau, labda. Haipo pale."

"Inapatikanaje?"

"Unachanganya nyekundu na buluu, basi."

"Usimwambie hivyo. Mwambie uongo ambao hakuna mchezaji atakayeuamini."

Ijumaa baada ya swala Mwinshehe alikuja. Alikaa, akasifu chai, akauliza habari za mama. Hasna alimmiminia chai ya pili. Alipokuwa anaaga, Mwinshehe alicheka kidogo. "Hivi ile zambarau, kwenye gemu lenu, watu wanaitoa wapi?"

"Unamtafuta kondoo mwekundu," alisema Hasna, "unamzungushia mienge, unamwacha mpaka asubuhi. Sufu inageuka yenyewe."

"Kweli?"

"Kweli. Ni siri ya Saad. Hakumwambia mtu."

Jumamosi asubuhi Marcelina alikuwepo kabla kibanda hakijafunguliwa. Hasna aliwasha kompyuta. Dunia ikajitokeza kidogokidogo: nyumba iliyogeuka nyeusi, mkeka mpana wa sufu, ua wa zizi. Katikati ya zizi alisimama kondoo mwekundu peke yake, na mienge inayowaka imemzunguka pande zote. Alikuwa hana pa kwenda. Aligeuza kichwa huku na huku ndani ya mwanga, na mbele yake, bila kusogea, alisimama Saad akimngojea abadilike.

Hasna alifunika mdomo kwa mtandio.

"Mpigie aje," alisema Marcelina. "Mwambie mama anamwita."

Mwinshehe aliingia akitabasamu, akamwona askari, tabasamu likabaki pale pale usoni. Marcelina alimwonyesha kiti mbele ya kioo.

"Unamjua huyo?"

Mwinshehe aliangalia. Alisoma jina. Rangi ya midomo yake ilipotea.

"Huyo ni marehemu," alisema. "Mnafanya mchezo gani?"

"Ile mienge, nani kakufundisha?"

"Sijui mienge. Mimi sichezi gemu."

"Najua. Ndiyo maana umekuwa ukimuulizia mtu mwingine. Naomba simu yako."

Alisita. Askari wa pili alikuwa ameshasimama mlangoni. Aliitoa. Marcelina aliipiga namba ambayo Mwinshehe aliipiga mwisho, akaweka sauti nje.

Simu iliita. Kwenye kioo, mtu wa Saad, aliyekuwa amerudi kuchovya sufu yake, aliganda mkono ukiwa juu.

"Ee, Baba Haruna," ilisema sauti ya mwanamke, ya kijana, yenye lafudhi ya mpakani. "Ile mienge haifanyi kitu. Nimesubiri, kondoo yuko vile vile. Hebu waulize tena hao watu wako wa Ujiji. Na mwanao ana homa, uje na dawa."

Marcelina alikata. Yule mtu kwenye kioo akaanza tena kusogea.

"Baba Haruna," alisema Hasna. Hakupandisha sauti. "Uliapa mbele ya mama kwamba hujawahi kuoa."

Mwinshehe aliweka mikono magotini. Alijaribu kusema simu ya Saad aliinunua kwa mtu asiyemjua, na Marcelina akamuuliza huyo mtu alikuwa nani, wapi, kwa nini basi hakulisema hilo wakati anabeba jeneza. Alijaribu mara nyingine, kisha akachoka.

"Saad alinikuta Kagunga nimembeba mtoto," alisema. "Akatupiga picha. Tulirudi boti moja, hakunisemesha njia nzima. Kibirizi tukatembea mpaka kwenye mawe. Akasema, 'Kuwa na mke si haramu. Mwambie Hasna leo, achague mwenyewe. Usipomwambia, namwambia mimi.' Nikamwomba anipe muda. Akageuka kuondoka. Nilikuwa na jiwe mkononi, sikumbuki nimeliokota saa ngapi."

"Simu hukuitupa," alisema Marcelina.

"Nilifuta picha, nikatoa laini. Mke wangu Ashura alikuwa ananidai simu tangu ajifungue." Alisita. "Ilikuwa simu nzuri. Sikujua kama gemu la humo linaonekana na huku."

Hasna alimwangalia mpaka alipotolewa nje.

Siku iliyofuata Marcelina alipanda boti kwenda Kagunga. Alimkuta Ashura mlangoni kwake, mtoto mgongoni, pembeni kuna mkeka aliokuwa akiusuka wenye michirizi ileile ya kwenye gemu. Alipoelezwa, aliketi chini. Alilia bila sauti, akiendelea kumbembeleza mtoto kwa mkono. Mwishowe aliingia ndani, akaileta simu ikiwa imefungwa kwenye kitambaa.

"Hilo gemu lilikuwa linanitisha, dada," alisema. "Kuna mwanamke aliyekuwa anatokea. Anasimama mbali, ananiangalia, hasemi. Mara moja akaandika maneno, mimi kusoma sijui. Nikadhani ni mzuka. Nikawa najitengenezea mkeka wangu tu, nisimwangalie."

"Si mzuka," alisema Marcelina. "Anaitwa Hasna. Yeye alidhani mzuka ni wewe."

Ashura alifuta uso kwa ncha ya kanga. Boti ilikuwa inaita abiria.

"Namba ya huyo Hasna unayo?" alimuuliza Marcelina.