Mama Blandine na Njia ya Filamu ya Wizi

Kila asubuhi Mama Blandine alifungua kibanda chake cha fotokopi hapa mtaa wa Panda, akawasha mashine, kisha akaandika kwenye grupu la WhatsApp la wateja wake. Ili wasichoke naye, aliwatumia lien, yaani kiungo: ukikigusa kwenye simu, kinakupeleka penye filamu. Tena ya bure! Nani anakataa cha bure?

Mwezi uliopita alituma lien ya filamu mpya ya Gauthier, mwigizaji wa Kambove. Gauthier alimwandikia: "Mama, ile kopi ni ya wizi. Utoe lien, tafadhali." Mama Blandine alicheka, akaiacha. Loo, kiburi hicho!

Jumatatu ikaja barua ya wito: Gauthier amemshtaki. Ijumaa afike kwa mwendesha mashtaka. Yeye ni mjane. Akifungwa, watoto wanne watabaki na nani?

Alikimbia kwa jirani yake Octave, karani wa mahakama.

"Papa Octave, minye sikuibe! Filamu haiko hata mu simu yangu. Nilionyesha tu bantu njia."

Octave alisoma barua polepole, polepole mno. Mama Blandine alitamani kumnyang'anya.

"Mama, unakumbuka Michel?"

Nani asiyemkumbuka? Michel wa mtaa wao aliwapitisha wachimbaji njia za panya hadi Shinkolobwe, mgodi uliofungwa na serikali, wakachimbe kwa wizi.

"Alishika koleo?" Octave aliuliza.

"Hata siku moja."

"Na balimufunga?"

"Balimufunga."

"Njo vile. Mwenye kuiba filamu iko na kosa. Lakini muntu anajua ni ya wizi, na bado anaonyesha bengine njia, naye sheria inaweza kumushika. Zamani ungesema haukujua. Sasa message ya Gauthier iko mu simu yako."

"Basi niifute!"

"Hapana! Usiongeze kosa juu ya kosa. Toa ma-lien zote za wizi. Kisha uende kwa Gauthier, mbele ya Ijumaa, umwambie kweli."

"Atanifukuza."

"Akufukuze. Weye uende."

Alizitoa zote, akaenda Kambove siku ileile.

"Nilicheka message yako," alimwambia Gauthier mlangoni. "Nilikosa, baba. Unisamehe."

Gauthier hakumkaribisha ndani. "Siku ya kuonyesha filamu, bantu kumi na mbili tu njo balikuja, bengine balishaiona mu simu. Mama yangu alishona manguo zote za ile filamu. Alilia, Mama Blandine."

Aibu ilimshika, naye akalia palepale.

Ijumaa Gauthier alifika, akaondoa mashtaka yake. Mwendesha mashtaka alifunga faili, akamkazia macho Mama Blandine: "Ukirudia, usitegemee huruma ya mtu."

Jioni aliandika kwenye grupu: "Jumapili, salle ya parokia, filamu ya Gauthier."

Mteja mmoja akauliza: "Lien ya bure iko wapi?"

"Haiko tena. Uvae viatu, uje, minye mwenyewe nitakuonyesha njia."

Jumapili ukumbi huo wa parokia ulijaa pomoni. Mama yake Gauthier alichelewa, akakosa kiti. Mama Blandine alimpa chake, akaitazama filamu yote amesimama.