Ketill na Jibu Lake Moja

Siku ya maonyesho ya vyuo vya nje, ukumbi mmoja jijini Reykjavík ulifurika vijana. Steinvör, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye nywele nyekundu na koti la mvua la njano, alikuwa mbele ya meza ya chuo cha Trondheim, Norwei, akiuliza habari za uhandisi wa umeme, mara kitu kikammwagikia begani.

"Samahani! Ni haradali tu," ilisema sauti nyuma yake.

"Haradali tu? Kwani ulikusudia kunimwagia nini kingine?"

Aligeuka, tayari kumtukana mtu. Akamkuta kijana mrefu ndani ya sweta la sufu, mkononi ana mkate wa soseji ulioliwa nusu, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Bahati nzuri koti lenyewe la njano," kijana alisema. "Haionekani sana."

Steinvör alijikuta anacheka. Jina lake Ketill, naye alikuja kutafuta chuo cha uhandisi. Walitoka pamoja, na kufikia mwezi Machi kila mtu alijua ni wapenzi.

Taabu ilikuwa moja. Steinvör alikwisha chagua Trondheim. Ketill hakuwa amechagua kitu.

"Mpenzi, siku zinakwisha," Steinvör alimwambia jioni moja wakiwa wamejitosa hadi shingoni kwenye bwawa la maji moto, mvua ya mawe ikiwapiga utosini. "Mimi Trondheim. Wewe je?"

"Popote uendapo wewe, laazizi."

Mara ya kwanza jibu hilo lilimfanya ambusu. Sasa lilimsagisha meno.

"Na nikienda Tokyo kusomea ukinyozi?"

"Nitakubebea mkasi."

"Ketill! Nakuuliza swali, unanipa shairi! Unataka kujenga nini duniani? Daraja? Choo? Sema kitu kimoja!"

"Nataka uwepo wewe."

"Mimi si kozi ya chuo, bwana!"

Wazee waliokuwa bwawani wakajifanya wanatazama mawingu. Steinvör akatoka majini, akakanyaga barafu kwa nyayo tupu bila hata kuhisi baridi, akaenda zake. Kichwani alikuwa na hakika: kijana huyu anamfanyia mzaha, hana azma, na ya maisha hayamhusu.

Ketill alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Jumapili mchana Steinvör aliipokea ili amwambie aache. Akasikia upepo unavuma.

"Usikate! Niko kwa bibi, kule kusini. Bahari imeingia tena. Tunahamisha kuku."

"Umenipigia kunieleza habari za kuku?"

"Nilikuwa nacheza mpira mahali ambapo leo ni maji matupu, Steinvör. Bibi anasema hatahama. Mimi nataka kujenga kuta za kuizuia bahari, na wanaoijua kazi hiyo ni Waholanzi. Nataka kwenda chuo chao cha Delft. Niliitaka Delft kabla hata sijakufahamu."

Steinvör alikaa kitandani taratibu.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeniambia kwaheri."

"Mpumbavu wewe! Ukaona bora unifuate Norwei, unitazame miaka yote kama mtu aliyekunyang'anya chakula?"

Upande wa pili wa simu, kuku mmoja alilia.

"Umekasirika?" Ketill aliuliza.

"Sana. Njoo nikugombeze uso kwa uso, kwenye simu sishibi."

Akaja jioni ile ile, viatu vyote matope, nywele zimeganda chumvi. Steinvör alifungua mlango akiwa na maneno mengi mdomoni. Alimkumbatia kwanza, maneno yakafuata, nayo yalikuwa makali.

Mwezi wa Agosti walisimama uwanja wa ndege wa Keflavík, kila mmoja na begi lake na njia yake, wakibishana nani atamtembelea mwenzake kwanza.

"Wewe ndiye mwenye miguu mirefu," alisema Steinvör.

"Na wewe ndiye mwenye hasira za kuvuka bahari, kipenzi."

Walibishana mpaka abiria wa Amsterdam walipoitwa mara ya mwisho. Steinvör alishughulika na ubishi hata akasahau kulia. Machozi yalimjia mgongo wa Ketill ulipokuwa mlangoni. Ketill akageuka, akapaza sauti mbele ya halaiki nzima:

"Basi nitakuja mimi! Oktoba!"

"Septemba!" alimfokea, huku anajifuta pua kwa mkono wa koti.