Vali Namba Kumi na Saba

Mswala wa Dahabo ulikuwa umelowa. Zeinab, mke wa mwanawe, aliukuta hivyo baada ya alasiri, Desemba ya mwaka 2006, nyumbani kwao Stechford. Akatazama dari, kavu. Akapapasa bomba la joto la ukutani, kavu. Alipoinama kuukunja, harufu ya chuma ikampanda puani, na maji yenyewe yalikuwa vuguvugu.

"Mama, umemwaga chai hapa?"

"Chai gani? Nimeswali, nikaondoka zangu."

Jioni hiyo, siku ya Ijumaa, Zeinab alimsimulia mumewe alipoingia tu kutoka kazini. Salat alikuwa fundi wa kituo cha umeme wa nyuklia kilichokuwa pwani, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka Birmingham. Jumatatu alienda, Ijumaa alirudi.

"Ni mabomba," alisema, na hata hakwenda kuangalia.

"Na Inderpal je? Wiki ya pili sasa unarudi na treni."

"Amebadilishiwa shifti."

Inderpal alikuwa Singasinga wa Kisumu, na pale kituoni ndiye mtu pekee ambaye Salat, mtoto wa Garissa, alizungumza naye Kiswahili. Walisafiri kwa gari lake. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda kwake Shard End, alikuwa akipita kumwamkia Dahabo, anakula sambusa mbili, anamchekesha kwa habari za nyumbani. Dahabo alimwita mwanangu, na hakuwa akitania.

Jumamosi yakaanza matone. Tii, tii, kama mfereji usiofungwa vizuri, lakini kila walipokwenda jikoni sauti ilihamia bafuni, na walipofika bafuni ilikuwa sebuleni, nyuma ya kiti cha Dahabo. Zeinab alisoma Ayatul Kursi. Salat aliwasha televisheni, akaongeza sauti.

Jumapili, saa kumi jioni, giza la majira ya baridi likiwa limeshaanza kuingia, Zeinab alipeleka chai sebuleni akamkuta mama mkwe amekaa wima, macho wazi, mikono juu ya magoti kama mtu anayehojiwa, na kutoka katika kinywa cha yule mama ambaye tangu afike Uingereza hakuwahi kujua Kiingereza zaidi ya kushukuru, kilikuwa kikitoka Kiingereza laini cha kazini, polepole, tena kwa sauti ya mwanamume, na Zeinab akatambua kwamba sauti ile alikuwa akilala nayo kitanda kimoja kwa miaka tisa.

"Vali namba kumi na saba. Saa nne na dakika arobaini asubuhi. Nimeikagua mwenyewe. Imefungwa."

Salat alikuwa amesimama mlangoni. Zeinab akamgeukia, akanong'ona: "Hiyo ni sauti yako."

"Nyamaza."

"Salat, hiyo ni sauti yako!"

Salat akageuka. Aliingia bafuni, akajifungia, akafungua maji ili asisikie. Lakini aliyajua maneno yale. Yalikuwa yake, aliyaandika kwa mkono wake.

Kule kituoni kila kosa liliandikwa, hata la bolti iliyodondoka au la mtu aliyeteleza ngazini. Walifundishwa siku ya kwanza kwamba ripoti si ya kumtafuta mchawi. Ni ya kuzuia jambo dogo la leo lisije likaua watu kesho. Na Salat alikuwa akiwafundisha wageni maneno hayohayo. Kisha asubuhi moja maji machafu yakafurika sakafuni chini ya pampu, maji yenye chembe za mionzi, na Inderpal akayakanyaga akifuata njia yake. Vipima mionzi vikalia. Akavuliwa nguo zote, akaoshwa na watu waliovaa vinyago, kilemba chake kikatiwa kwenye mfuko wa taka. Mwili haukudhurika. Ila vali, ile ya kufungia maji hayo, ilikutwa wazi, na karatasi ya Salat ilisema iliachwa imefungwa, na aliyeingia mle baada ya hapo ni Inderpal peke yake. Akasimamishwa kazi.

Jumatatu, baada ya adhuhuri, alikuja Maalim Idd, aliyeitwa na Zeinab amsomee mama. Alikuwa mtu wa Lamu, dereva wa basi kule Northfield, na alifika akiwa bado na koti la kazi. Salat hakuwa amekwenda kituoni. Alipiga simu kwamba mama anaumwa. Maalim aliketi mbele ya Dahabo, akasoma kwa sauti ya chini. Harufu ya chuma ikajaa chumba.

"Nani wewe?"

Safari hii sauti ilijibu kwa Kiswahili, na bado ilikuwa ya Salat. "Nilikuwa nakaa kwenye maji ya chini ya pampu. Sikuwa na ugomvi na mtu. Huyu kijana akatia sahihi juu yangu, akanibeba mpaka hapa."

"Basi mbona umemwingia mama yake?"

"Yeye nilimkuta amejaa. Hana pa kukaa mtu."

Maalim alimtazama Salat, kisha akainamisha macho, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake uchi. "Ndugu yangu, unalo neno?"

"Nilisahau," alisema Salat. "Ile vali. Nilisahau kuikagua."

Hapo koo la Dahabo likajaa maji. Akapaliwa, akatapatapa, maji vuguvugu yakamtiririka puani na kidevuni, na katikati ya kukabwa kule ile sauti ikawa inarudia, nilisahau, nilisahau, nilisahau, kwa kejeli, huku Zeinab akimshika mama mabega na kupiga kelele, "Sema! Utamuua! Sema!"

"Sikusahau!" Salat alipiga magoti. "Niliona uvivu. Uvivu wa kuvaa zile nguo za kinga za kuingilia mle. Nilikuwa nakunywa kahawa, nikatia sahihi. Halafu nikamwona Inderpal wanamwosha, analia, ananitazama mimi nimtetee. Nikanyamaza. Nikawaambia hata mimi nimeshangaa."

Maji yakakatika. Zeinab aliondoa macho kwa mumewe, na hilo lilimuuma Salat kuliko kelele.

"Hapa sipo pa kuripoti," ilisema sauti.

Salat akachukua simu. Mkuu wa zamu alipopokea, Salat alitaja jina lake, namba ya vali, siku na saa, akasema kwa Kiingereza yale aliyoyasema sakafuni, yote, pamoja na kahawa. Upande wa pili kalamu ilisikika ikiandika. Alipokata simu Dahabo alitapika maji meusi, mengi, akalala papo hapo. Harufu ikaisha. Matone hayakusikika tena katika nyumba ile.

Inderpal alirudishwa kazini wiki hiyohiyo. Salat aliondolewa.

Dahabo alipopata nguvu hakukumbuka lolote. "Mwanangu Inderpal amepotelea wapi?" aliuliza, na hapakuwa na mtu wa kumjibu ila Salat. Akaketi chini, karibu na miguu yake, akamweleza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia. Alivuta shuka lake, akajifunika kichwa.

"Nipeleke kwake."

Mlango kule Shard End ulifunguliwa na Inderpal mwenyewe. Alipomwona Dahabo uso ukamchangamka, akainama kumshika miguu.

"Karibu, Mama, karibu ndani. Mke wangu Nilam ameweka chai."

Dahabo akaingia. Salat akaanza, "Ndugu yangu Inderpal, mimi—"

Inderpal akashika ukingo wa mlango. Katika miaka sita hawakuwahi kusemezana wawili hao kwa lugha nyingine ila Kiswahili. Sasa alimjibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama anavyosemeshwa mtu wa kuleta barua, kwamba angeweza kumsubiri mama yake huko nje.